Sanaa Nzito, Sanaa ya Mtaani: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Kaa na watu wanaopenda vitabu, na haupiti muda kabla mmoja wao hajaipanga sanaa katika makabati mawili. Kabati la juu ni la tenzi, riwaya za kufikirisha na picha za kutundikwa makumbusho. La chini ni la taarab ya harusini, hadithi za upelelezi, Bongo Fleva na picha za twiga zinazouzwa kando ya barabara. Vyuoni kuna somo zima la fasihi pendwa, na wanafunzi wengi huliingia wakiwa wameshaambiwa kwamba hiyo ndiyo nyepesi. Hoja zinazojenga makabati haya nimezisikia kwa miaka mingi, na nyingi hazisimami ukizipima kwa historia ya sanaa yetu wenyewe. Nimechukua zile zinazorudiwa mno.

«Malenga wakubwa wa zamani hawakutunga kwa ajili ya watu wa sokoni.»

Uongo. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa kuanzia 1776 hivi hadi 1840. Kabla yake, sehemu kubwa ya ushairi wa pwani uliotufikia kwa maandishi ni wa dini: tenzi za mitume, mawaidha, maombolezo. Muyaka akazichukua beti za mishororo minne akazitia mambo ya siku ile: mapenzi, ukata, safari za baharini, ugomvi wa Mombasa ya Mazrui na watawala wa Oman, majibizano na mahasimu wa Lamu. Watu walizihifadhi vichwani kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake. Kazi ya kuzikusanya ilifanywa na Mwalimu Sikujua, mzaliwa wa Mombasa, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ilichapwa Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, aliuita ushairi huo, tangu kwenye jalada, ushairi pendwa wa karne ya 19. Leo Muyaka anafundishwa kama mhimili wa ushairi wa kale. Beti ni zile zile. Sisi ndio tuliomhamisha.

«Hayo ni ya kwetu. Ulaya sanaa nzito ilikuwa ya mabwana tangu mwanzo.»

Uongo pia. Jumba la Globe, ambalo kundi la Shakespeare lililijenga London mwaka 1599, lilikuwa na uwanja wa wazi ambapo mtu alilipa peni moja akasimama kutazama mchezo mzima, mvua au jua. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa Rais. Wengi waliona amewaletea Waswahili hazina ya wasomi wa Uingereza. Kwa kweli michezo ile ilikuwa imekwisha kupita mtihani wa hadhira iliyosimama na yenye haraka ya kuchoka.

«Taarab ilikuwa sanaa safi ya jumba la kifalme, ikaharibika iliposhuka mitaani.»

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uongo huu umefunika kazi ya mwanamke mmoja.

Kweli ni kwamba taarab ya Unguja inahusishwa na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ala. Kweli pia kwamba kundi la Ikhwani Safaa lilianzishwa mwaka 1905 na kwamba nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo wengi wa waliokaa nje ya kuta za jumba hawakuielewa vizuri. Lakini sanaa ile ingebaki hivyo, leo tungekuwa tunaisoma kwenye kumbukumbu za ikulu tu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Alikuwa mfinyanzi, alitembeza vyungu akiviuza, na sauti yake ndiyo iliyowatangulia wateja. Mwaka 1911 alihamia mjini. Pamoja na wanamuziki wenzake aliimba taarab kwa Kiswahili, Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa watumwa wa zamani, vibarua na wahamiaji. Mwaka 1928 walisafiri kwenda Bombay kurekodi, na sahani zao za santuri zikauzwa Unguja, bara na kwingineko pwani. Matajiri wa Mji Mkongwe walimwalika, na ikulu nayo ikamwita.

Sasa tazama alichokuwa anaimba. Mmoja wa nyimbo zake mashuhuri, Kijiti, unahusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini. Muuaji alitoroka, wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la kuhusika na pombe iliyonywewa usiku ule. Siti alilitengeneza tukio hilo kuwa wimbo wenye hoja dhidi ya mahakama ya kikoloni, na wimbo ukaenea kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Sijui riwaya nzito ya miaka ile iliyogusa haki ya wanawake wa mjini kwa ujasiri kama huo.

Aliyelitambua hilo mapema ni Shaaban Robert. Mtu tunayemweka juu kabisa katika kabati la juu alifunga safari kwa mfinyanzi wa Fumba, akamsikiliza, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki mwaka 1950. Wasifu ulichapwa mwaka 1958. Shaaban Robert hakumwandika kama kituko cha mtaani. Alimwandika kama mtu wa kuigwa, kwa nathari ile ile yenye heshima aliyoitumia kuwaza juu ya utu na utawala bora. Kila ninaposikia msomi akisema taarab «ilishuka», natamani akisome kitabu hicho upya.

«Muziki unaokopa sauti za filamu za Kihindi hauwezi kubeba ushairi mzito.»

Uongo, na ushahidi uko Mombasa. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwimbaji aliyependa mno nyimbo za filamu za Kihindi, na sauti nyingi za nyimbo zake zilitoka huko. Kwa mtu wa kabati la juu hilo peke yake lingetosha kumfukuza. Lakini maneno aliyoyaimba yalitungwa kwa wingi na ndugu yake wa ukoo, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye Malenga wa Mvita yake, iliyotoka 1971, haikosekani katika orodha ya diwani muhimu za karne iliyopita. Ahmad Nassir ni ndugu wa Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972.

Ukitaka kuona ugumu wa kazi yao, chukua ubeti mmoja wa shairi la kawaida. Mishororo 4, kila mshororo mizani 16, zimekatwa 8 kwa 8. Kina kimoja katikati, kingine mwisho, na vyote viwili lazima vitokee pale pale katika mishororo mitatu ya mwanzo. Hiyo ni sheria isiyopindika. Kwa upande mwingine kuna sauti ya filamu, iliyotungwa Bombay kwa maneno ya lugha nyingine, yenye mapigo na vituo vyake. Nayo haipindiki, maana msikilizaji ameshaisikia sinema na anaijua. Mwimbaji ndiye anayebaki katikati. Huvuta irabu hapa, hubana mizani mbili ndani ya pigo moja pale, hurudia nusu mshororo ili kina kiangukie mahali sauti inapotua. Juma Bhalo alifanya hivyo bila kuvunja neno, kwa Kimvita kilichonyooka kiasi kwamba hata asiyekuwa mtu wa Mombasa husikia tofauti ya t ya menoni na t ya ufizini.

Watu walizicheza kanda za nyimbo zake dukani, matatuni na majumbani. Wengi wa waliojua mashairi ya Ahmad Nassir kwa moyo hawakuwahi kufungua diwani yake. Waliupata ushairi huo mzima, haukupunguzwa chochote ili uwafikie.

«Riwaya za upelelezi ni za kupitishia wakati tu.»

Nusu kweli, na nusu hiyo nitaitaja bila kuionea haya. Zimeandikwa nyingi zisizo na kitu: mpelelezi hodari, bastola, hoteli ya kifahari, mwanamke mrembo aliyewekwa pale kama chambo na akitimiza kazi hiyo husahauliwa. Hata Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona yake ya 1974 ilimfanya mpelelezi wake Willy Gamba ajulikane kila nyumba, hana la kujitetea katika namna wanawake wake wanavyochorwa.

Lakini Musiba huyo huyo alimtuma Willy Gamba kupambana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika wakati Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Kijana aliyemsoma kwa ajili ya risasi alitoka pia na ramani ya siasa ya bara lake.

Na kabla ya Musiba kulikuwa na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu. Watu wana jibu tayari, la wa kale na ghadhabu zao. Mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake na kutaka ushahidi. Naam, ana damu ya Sherlock Holmes. Lakini Sherlock Holmes hakuwahi kulazimika kubishana na kijiji kizima juu ya mashetani, tena kwa adabu, kwa Kiswahili cha Unguja chenye mizaha na mizunguko yake. Abdulla alichukua chombo cha kigeni akakitumia kuuliza swali zito la jamii yake: tunajuaje tunachodai kukijua? Swali hilo linapita vitabu vyake vyote, na nathari yake bado ni darasa kwa yeyote anayetaka kuandika mazungumzo.

«Kitabu kinachogombaniwa na vijana ni dalili ya wepesi.»

Uongo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni, ikidaiwa kuwa na aibu nyingi mno. Wanafunzi waliisoma wakiificha. Baadaye ikaruhusiwa, ikaingia darasani, na leo mwandishi wake anatajwa kama mtu aliyeigeuza riwaya ya Kiswahili.

«Tingatinga si sanaa, ni bidhaa ya watalii.»

Kweli kwamba ni bidhaa. Uongo kwamba hilo linaizuia kuwa sanaa.

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja dukani. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu aliyekuwa akitafutwa, akafa. Miaka minne tu ya kazi, kisha jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wenye jina lake.

Kazi yenyewe inaanza na kipande cha mraba cha hadibodi, ile ya kuziba dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli. Vyote ni vitu vya duka la vifaa, na vyote vina masharti. Rangi hii ni nzito. Haikubali kufifishwa taratibu kutoka mwanga kwenda kivuli, na ukiipaka nyingine juu kabla haijakauka zote mbili zinachafuka. Kwa hiyo mchoraji hupaka ardhi ya picha kwa rangi moja na kuiacha ikauke. Kisha mwili wa mnyama, nao ukauke. Kisha vitone, milia na macho, kwa brashi nyembamba na mkono usiotetemeka, maana kosa halifutiki. Mipaka mikali na rangi zisizochanganyika, ambazo wakosoaji wa mwanzo waliziona kama utoto, zilizaliwa na chombo chenyewe. Tazama picha za Tingatinga mwenyewe: mara nyingi ni mnyama mmoja aliyeujaza ubao hadi pembeni, mkia ukijikunja ili ubaki ndani ya mraba. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua nafasi ni nini. Makumi ya picha zilizonakiliwa kutoka kwake hazina uamuzi wowote ndani yake, na hizo nakubali ziitwe bidhaa tu.

Wanaosema soko la mtaani halizai fikra nzito wavuke ziwa hadi Lubumbashi. Miaka ya 1970 wachoraji wa huko waliuza picha za kutundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wa migodi na makarani: mamba mtoni, mwanamke wa maji, gereza la enzi za Wabelgiji. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao, akichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipomwonyesha kwamba yuko tayari kumsikiliza, Tshibumba alimletea historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, kuanzia mababu, kupita ukoloni, kifo cha Lumumba, hadi Zaire ya Mobutu. Kila picha aliieleza mwenyewe, kwa Kiswahili cha Katanga. Mazungumzo hayo yakawa kitabu mwaka 1996, na picha ziko makumbusho ya Amsterdam.

Hakuacha uchoraji wa mtaani ili afanye hivyo. Ni rangi zile zile, magunia yale yale, na mtindo ambao mnunuzi wake wa jana angeutambua. Alichokuwa nacho ni hoja: kwamba historia ya Kongo iliyoandikwa na wengine haimtoshi, na kwamba mchoraji wa kuuza anaweza kuwa mwanahistoria. Nadhani hiyo ni mojawapo ya kazi kubwa kabisa zilizowahi kuelezwa kwa Kiswahili, na inasikitisha kwamba wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hawajawahi kusikia jina lake.

«Bongo Fleva haina ushairi.»

Kweli kwa nyimbo nyingi. Uongo kwa Ndio Mzee wa Professor Jay, wa mwaka 2001. Mgombea anaahidi mambo yasiyowezekana, kila ahadi ikiipita iliyotangulia kwa ukubwa, na umati unamjibu kwa kukubali. Ni ule mpangilio wa ngoma wa kuitikia, lakini hapa kuitikia kwenyewe ndiko kunakoshtakiwa: msikilizaji anayeimba kiitikio anajikuta ndani ya umati ule. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

«Basi hakuna sanaa nzuri wala mbaya. Kila mtu na ladha yake.»

Uongo, na huu unaniudhi kuliko yote, kwa kuwa unajifanya kuwatetea watu wa kawaida huku ukiwanyima akili ya kuchagua. Watu wa kawaida wamekuwa wahakiki wakali siku zote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya serikali ya kikoloni, lilikuwa na kurasa za mashairi ya wasomaji: makarani, walimu, askari, wakulima. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliopeleka tungo humo. Walijibizana, walitegana, na walisahihishana. Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na kuacha vina na mizani, ugomvi uliofuata haukufungiwa chuoni. Washairi wa magazetini, waliosoma na wasiosoma sana, waliingia kwa nguvu zote. Unaweza kutokubaliana nao, na mimi kwa sehemu kubwa siko upande wao, lakini huwezi kusema hawakujali ubora.

Nenda kwenye taarab ya mipasho ya miaka ya 1990, wakati makundi ya TOT na Muungano yakichuana, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis Kidogo upande wa pili. Mwanamke anakaa akisikiliza. Unafika mshororo fulani, anainuka na noti mkononi, anakwenda polepole hadi jukwaani huku macho ameyaelekeza kwenye meza fulani, anamtunza mwimbaji, anarudi. Ameshauchambua mshororo ule na kuutafutia maana katika maisha yake. Fumbo likiwa limefumwa vizuri, wanawake watatu huinuka kwa mshororo mmoja kwa sababu tatu tofauti, na maneno yanawabeba wote. Mtunzi aliyeweka tusi la wazi badala ya fumbo ameandika kwa ajili ya mgombano mmoja tu. Ukiisha ule, wimbo hauna pa kwenda. Tofauti kati ya watunzi hao wawili ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya ukumbi wa taarab na chumba cha mhadhara, na waliokuwa ukumbini waliijua usiku ule ule.